Kioo cha Viota na Mkuyu Namba Saba

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye bustani ya mji, sikupewa panga wala toroli. Nilipewa kioo. Kilikuwa kioo kidogo cha kunyolea ndevu, kimefungwa kwa waya kwenye ncha ya mianzi miwili iliyoungwa, na Bwana Msimamizi wa Bustani aliniambia nikikivunja nitamletea cha nyumbani kwetu. Mimi ni mtoto wa nyumba za polisi za Nsambya, baba yangu alikuwa koplo, na nilijua mtu akiajiriwa na serikali hupewa angalau buti. Nikajiona nimechezewa.

Ninyi mnaofanya kazi hii leo mna darubini, basi niwaeleze. Unapandisha kioo mpaka juu ya kiota, unakilaza kidogo, halafu unatazama kutoka chini: mayai, makinda, au patupu. Ulichokiona unakiandika kwenye daftari la viota, kila mti kwa namba yake, kila Jumatatu. Viota vya juu kabisa, ambako mianzi haikufika, tulivijua kwa kukaa kimya na kutazama ndege anayeingia na chakula mdomoni. Bila daftari hilo hakuna aliyeruhusiwa kupogoa, yaani kupunguza matawi, sembuse kukata mti.

Utaratibu huo wote ulikuwa wa Bwana Msimamizi. Alikuwa Muganda wa Kasubi, mtoto wa fundi wa nguo za magome ya miti, mtu mfupi, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Alihangaika miaka mingi na kamati ya mji hadi pembe ya chini ya bustani ile, yenye mikuyu tisa na dimbwi moja, ikatengwa kuwa hifadhi ya ndege. Wakubwa wengine walitaka maegesho ya magari. Alipopata barua ya kuitenga hakuiamini. Alisema karatasi inaweza kupotea ofisini, lakini mchongoma utamchoma hata asiyejua kusoma, akapanda ua wa michongoma kuzunguka mikuyu yote tisa. Mpaka leo sijaona mtu wa ofisini mwenye akili ya namna hiyo.

Kisha wanajeshi wakashika serikali. Petroli ikaadimika, mashine za kukata nyasi zikalala, na nusu ya wakubwa zetu wakakimbia nchi. Mnyapara wetu mkuu aliitwa kwenye gari mchana kweupe, mbele ya ofisi, na hatukumwona tena. Tuliobaki tulijifunza kusema kidogo. Lakini pembe yetu ilizidi kustawi, maana kila mahali pengine watu walikata kuni, na ndege wakahamia kwetu. Yangeyange, wale ndege weupe, walijaa kwenye mikuyu mpaka kijani hakionekani. Kwarara walipiga kelele kila alfajiri. Bwana Msimamizi alikuwa akisimama nje ya ua na kofia mkononi, anacheka peke yake. Nami nilianza kuipenda kazi, ingawa nilijifanya siipendi.

Kosa langu lilitokea Jumatatu moja ya mvua kubwa. Nilikuwa nimejikinga bandani, sikutaka kulowa, na kabla sijaenda likizo ya mwezi mmoja mkuyu namba saba ulikuwa mtupu. Nikajiambia hakujabadilika kitu. Nikaandika kwenye mstari wake: Hakuna. Bwana Msimamizi akatia saini chini, kama alivyofanya kila juma.

Siku ya nne akaja kapteni na askari watatu wenye msumeno. Gwaride lilikuwa linakaribia, jukwaa la wageni lilikuwa limejengwa kando ya ua wetu, na yangeyange wa namba saba walikuwa wanalichafua. Kapteni alikuwa mtu wa kaskazini kama baba yangu, mrefu, anazungumza polepole. Alitaka ule mti mmoja tu uondoke kabla ya jioni.

Bwana Msimamizi alimsalimu kwa adabu, akamweleza kwamba mti wenye viota haukatwi mpaka makinda yaruke, ndiyo sheria ya hifadhi, na kwamba kila mti kati ya ile tisa ulikuwa na viota. Alizungumza kana kwamba anamwelekeza mgeni njia. Kapteni akaomba kuona kitabu cha viota hivyo. Nilikileta mwenyewe, na njiani nikaukumbuka mstari wangu. Akapitisha kidole kwenye ukurasa mpaka kikasimama.

"Mzee, kitabu yako inasema namba saba hakuna kitu. Na hii saini ni yako. Sasa unanidanganya mimi?"

Miaka ile swali hilo lilikuwa na jibu moja, nalo lilikuwa gari lililosimama barabarani. Bwana Msimamizi alinitazama. Hakunionyesha kidole. Ningeweza kunyamaza, na ndicho nilichotaka kwa moyo wangu wote.

"Afande, kosa ni yangu," nikasema. "Siku hiyo mvua ilinyesha. Sikupandisha kioo, niliandika tu. Mzee aliniamini."

Askari mmoja alicheka. Kapteni hakucheka.

"Pandisha sasa," Bwana Msimamizi akaniambia, kwa sauti ileile ya kila Jumatatu.

Nilipoipandisha mianzi, kioo kikagonga tawi. Kapteni akaishika juu kidogo ya mikono yangu, tukaipandisha pamoja. Nilimwomba Mungu kwa lugha zote za nyumbani kwetu. Tukakilaza kioo, na ndani yake kukaonekana midomo mitatu iliyofunguliwa, na macho meusi, na manyoya machache ya kuchekesha. Tukasogea kwenye kiota cha pili. Mayai mawili.

Kapteni alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaachia mianzi na kufuta mikono kwenye suruali.

"Jukwaa itahama," akawaambia askari wake. "Hawa hawawezi kuhama." Akanigeukia. "Na wewe, siku nyingine andika kitu umeona."

Walipoondoka, Bwana Msimamizi aliketi kwenye mzizi. Aliomba maji. Baada ya kunywa hakunigombeza. Aliniambia nisifute, nikate ule mstari mara moja ili usomeke, niandike ukweli pembeni, nitie saini. Kisha akatia yake. "Mimi nilisaini bila kukuuliza," akasema. "Makosa ni mawili." Nilimpenda mtu yule siku hiyo kama mzazi, na sioni haya kuandika hivyo.

Alistaafu akafia kwao Kasubi, kitandani mwake, jambo ambalo wakubwa wengi wa wakati wake hawakulipata. Mimi nilifanya kazi chini ya wasimamizi wengine watano. Sasa nakaa Ntinda, kwa binti yangu, na magari ya huko hayaniruhusu kusikia hata shomoro.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa Jumatatu, na mvua ilikuwa inanyesha. Vijana wakaniambia nipumzike, mzee, wataandika wao. Nikachukua mianzi, nikaenda kwenye namba saba. Msimu ulikuwa umekwisha, makinda yalikuwa yameruka. Nikapandisha kioo kwenye kila kiota, nikarudia mara ya pili, maji yakinitiririka shingoni. Kisha nikarudi bandani, nikafungua daftari, nikaandika: Hakuna.