Amri za Rais Zilivyopita Kinywani Mwangu

Siku yangu ya kwanza ya kazi, kabla sijaonyeshwa hata kiti changu, Administrateur, yaani mtawala wa territoire (wilaya) ya Lubero, alinipeleka uwanjani akanifundisha mahali pa kusimama.

"Nyuma yangu kidogo, upande wa kushoto," alisema kwa Kifaransa. "Watu waniangalie mimi, wakusikie wewe."

Alikuwa ametumwa kwetu kutoka Kasaï, mbali sana. Kiswahili alikuwa anakiokota njiani, na Kinande, lugha ya watu wetu, hakukijua kabisa. Mimi, Masika, binti wa wakulima wa Alimbongo, nilikuwa nimemaliza shule kwa masista, nikaajiriwa kuwa mkalimani wake. Alipotaka nielewe vizuri alitumia Kiswahili chake kidogo: "Hapana kuongeza. Hapana kupunguza."

Vijana wa leo wanafikiri mkalimani ni mtu wa kubadilisha maneno tu. Kazi ilikuwa na namna mbili. Kwenye mikutano ya watu tulikwenda kwa mafungu: mkubwa anasema sentensi chache, ananyamaza, nami nazirudisha kwa lugha ya watu. Ndani ya bureau, ofisini kwake, nilinong'oneza: mzee wa kijiji anaeleza shida yake, na mimi namtilia mkubwa Kifaransa sikioni bila kumkatiza mzee. Hii ya pili ndiyo iliyonichosha. Nilirudi nyumbani jioni sina hamu ya kusema na mtu.

Kilichopita zaidi kinywani mwangu ni zile zinazoitwa ordonnances, yaani amri anazotia sahihi Rais mwenyewe huko Kinshasa. Karatasi ilitufikia baada ya redio, na mara nyingi baada ya uvumi. Tulikwenda nayo hadi Luofu, gari likikwama kwenye matope, tukafika na kukuta watu wamekwisha kuijadili na kugawanyika. Kazi yetu ilikuwa kuwaambia ilichosema hasa.

Kisha nilihamishiwa mairie ya Butembo, ofisi ya Maire, mkubwa wa mji. Maire wa wakati ule alikuwa mtoto wa mji, na mbele ya watu wake hakunihitaji. Alinihitaji kwa wageni na kwa wakubwa wa jeshi. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na bidhaa nyingi zinaingia kwa mpaka wa Kasindi. Kwa hiyo Rais wetu akikosana na mwenzake wa jirani, sisi tuliona dalili sokoni. "Mama Masika," Maire aliniambia siku moja, "bale bakubwa babili bakigombana, miye nasikia kwanza ku bei ya sabuni." Hakuwa anatania. Wiki hiyohiyo barua ya kufunga mpaka ilifika, nami nikaisoma mbele ya wenye malori waliokuwa wamekwisha kuegesha.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Beni. Wakati ule watu walikuwa wanauawa mashambani, na Rais alitangaza état de siège, hali ya hatari: akawaondoa watawala wa kiraia, akaweka wanajeshi na polisi mahali pao. Raia aliyeshitakiwa alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Maire wetu mpya alikuwa Commissaire wa polisi kutoka Équateur, mtu wa Kilingala na Kifaransa. Alikuwa mtaratibu, mwenye haya kidogo, na viatu vyake vilikuwa safi hata siku za mvua.

Baadaye Rais alikubali jeshi la nchi jirani livuke mpaka, lisaidiane na jeshi letu kuwawinda wauaji. Commissaire aliambiwa awaeleze wananchi. Tulifanya mkutano katika uwanja wa commune ya Beu, sehemu moja ya mji wa Beni, na kando ya Commissaire aliketi colonel wa jeshi hilo la jirani. Commissaire alieleza, mimi nikarudisha. Kisha akasimama mwanamke mmoja, mjane, mkulima wa kakao.

"Miye Kavira, niko wa hapa Beu," alisema kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya na Kifaransa. "Shamba yangu iko kule ku pori, nashindwa kufika ju ya bale bauaji. Munasema basoda, baaskari ba inje, banakuya kutusaidia. Muzuri. Mais ile vita ya zamani, basoda ba ile inchi balikuyaka pia, na bwana yangu hakurudi. Donc nauliza: kama soda moja ananifanyia mubaya, nitamushitaki kwa nani? Prezida njo aliwaita, mais Prezida iko mbali."

Kabla sijafungua kinywa, colonel alimjibu mwenyewe, kwa Kiswahili cha kambini. "Mama, nimesikia. Njoo unishitakie mimi."

Watu waligeukiana. Mama Kavira alimshukuru kwa Kinande, "Wasingya," halafu akamtazama Commissaire. "Muone sasa. Mugeni anasikia luga yetu. Ule mwenye Prezida alitutumia, hapana kusikia."

Commissaire aliinamisha kichwa upande wangu akauliza kwa Kifaransa, "Amesema nini?"

Ningeweza kusema kwamba mama ameshukuru, na ingekuwa nusu ya kweli. Si muda mrefu kabla ya hapo, mwanamume wa mtaa wa pili alikamatwa kwa maneno aliyosema mkutanoni. Nilifikiri juu ya hilo. Nilifikiri pia kwamba yule mama hakusimama pale ili nimtafutie maneno mengine. Nilimwambia Commissaire yote, polepole, hata lile la mwisho.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Mama Kavira."

Jirani yake alimvuta nguo ili aketi. Hakuketi. Commissaire alivua kofia, akanipa ishara ninyamaze, akajaribu mwenyewe.

"Mama Kavira. Kiswahili yangu iko kidogo. Ulizo yako iko ya kweli. Kila wiki, colonel atatuma mutu yake hapa ku commune, na miye nitaikala naye. Mukuye kusema."

Hakuna aliyemcheka.

Garini, tukirudi, alipangusa vumbi kwenye kofia yake. Kisha akaniuliza, "Madame Masika, unajua ile amri mimi niliipata wapi? Kwenye redio, kama yule mama. Simu ya kuniambia niieleze ilikuja kesho yake."

"Na kama angekuuliza kwa nini, monsieur le Maire?"

"Ningemwambia Rais ameamua. Sina neno lingine."

Ahadi aliitimiza. Watu walikuja: huyu shamba lake la migomba limepitiwa na magari ya vita, yule pikipiki yake imezuiliwa kwenye kizuizi, akarudishiwa. Mama Kavira na wenzake walisindikizwa na askari mpaka mashambani. Kakao nyingi ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi mitini, lakini walivuna iliyobaki. Nilipomkuta kwenye ofisi ya commune baadaye mikono yake ilinuka kakao iliyochacha, na alikuwa anazungumza kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Halafu jioni moja televisheni ilisoma ordonnance nyingine, na jina la Commissaire wetu likawemo. Alihamishwa mkoa mwingine. Aliyechukua nafasi yake alisema vikao vile havimo katika maagizo yake, vikakoma. Mama Kavira alikuja siku ya kikao kama kawaida akakuta mlango umefungwa. Nilimpeleka kwa mkubwa mpya, nikatafsiri. Alisikiliza akiwa amesimama, akasema atauliza juu. Nilistaafu jibu likiwa halijafika.

Sasa nakaa Butembo. Redio ikisoma amri, majirani wanakuja kuniuliza maana yake, nami nawaeleza. Sisemi kwamba uwezo ule wa Rais wa kuamua kwa sahihi yake ni mbaya. Niliona sahihi moja ya Kinshasa ikiruhusu jeshi la jirani kuvuka mpaka, na wanawake wa Beu wakafika mashambani mwao. Niliona nyingine ikiwafungia mlango, na Rais aliyezitia hakuwajua mara zote mbili. Kila amri iliyotoka kwake ilikuwa na redio yake, gari lake, na mtu kama mimi wa kuishusha mpaka kijijini. Maneno ya Mama Kavira niliyapandisha hadi sikio la Commissaire. Kutoka pale kwenda juu kwa Rais, katika kazi yangu yote sikukutana na mkalimani mwenzangu wa kuyapokea.