Sare ya Mstari wa Mbele

Mke wa baba yangu alinipigia simu Jumamosi asubuhi. Hakuuliza hali ya mama. Alisema wana sendofu, sherehe ya kumuaga binti yao anayeolewa, wanawake wa ukoo wote watavaa kitenge kimoja, mafundi wa mjini wanawazungusha, kwa hiyo nije Buigiri na cherehani yangu nikae wiki nzima. Tangu nizaliwe sijawahi kulala kwenye nyumba ya baba. Mimi ni mtoto wa nje, na baba ni mzee wa kanisa, na wazee wa kanisa hawanaga watoto wa nje. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mama yangu alikuwa mlangoni kwetu Nzuguni anachambua mchicha. Akaniangalia, akasema, "Haya, nenda. Ukirudi usinililie."

Sitaki kujifanya. Niliitaka ile sare. Nilitaka siku ya sendofu nivae kitenge kile kama wao, nikae mstari wa mbele, MC akisema watoto wa mzee wasimame, na mimi nisimame. Basi! Shamba sikutaka, urithi sikutaka. Kusimama tu.

Walinipa chumba cha stoo, katikati ya magunia ya alizeti, wakaniwekea meza dirishani. Jioni ile baba akapita kutafuta miwani yake. Nikainuka haraka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, fundi," akasema, akaendelea kupapasa juu ya magunia.

Fundi! Nikajiambia mzee ana mambo mengi kichwani, sendofu si mchezo.

Kazi ikaanza. Nilikata, nikashona, na mke wa baba akasimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani. Anageuza gauni ndani nje, anavuta uzi, anasema, "Hapa umepinda, fumua." Gauni la dada yake nililifumua mara mbili, na wala halikuwa limepinda. Lililopinda lilikuwa bega la mwenye gauni. Hilo sikulisema, nikafumua. Binti wa watu nimekuja kutafuta nafasi, nitaanzaje kugombana?

Mchana bati likichemka, kushona haiwezekani. Ndipo bibi harusi mtarajiwa, yaani mdogo wangu kwa baba, akaniambia, "Twende ukanipige picha." Nyuma ya nyumba, ukivuka ua wa minyaa na korongo kavu, kuna gofu la Mhindi mmoja aliyekuwa akinunua ufuta na karanga za watu wa huko. Aliondoka zamani, kabla hatujazaliwa. Paa hakuna. Sebuleni umeota mgunga mrefu kuliko kuta, ndulele zimejaa kwenye ngazi, na mbigili zinatoboa ndala mpaka kwenye kisigino. Mdogo wangu alikuwa anajipanga kwenye fremu ya mlango, anageuza shingo, anasema, "Piga nyingine, hiyo nimenenepa." Nikapiga. Nikichoka naingia vyumba vya ndani. Sakafu ilikuwa nyekundu, laini, bado inateleza ukiifuta vumbi kwa mguu, na ukutani kulikuwa na vishubaka vya kuwekea taa. Nilipapenda pale, jamani. Palikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyeniambia nifumue.

Tukawa tunakwenda kila mchana. Siku ya tatu akapanda dirisha la nyuma ili picha itoke na mlima, akashika jani asilolijua. Upupu! Loo, alipiga kelele yule mtoto, kunguru wakaruka. "Dada, inawasha! Dada, nisaidie!"

Dada. Nilisimama kwanza kama mjinga, nikalisikiliza lile neno, halafu ndiyo nikamkimbilia. Nilimsugua mkono kwa udongo mkavu mpaka akatulia. Tukakaa kwenye ngazi, kichwa chake begani kwangu, makamasi yanamtoka, tukaanza kucheka. Akasema, "Nitamwambia mama. Kitenge kipo cha kutosha. Utavaa sare, dada, utakaa na sisi." Akainua simu, akatupiga picha ya pamoja.

Asubuhi yake niliiona kwenye status yake. Mimi nilikuwa nimekatwa. Ulibaki mkono wangu tu, begani kwake. Nikajiambia simu za siku hizi zinakata picha zenyewe.

Ijumaa ilikuwa siku ya kujaribisha. Wanawake walijaa sebuleni, kila mmoja na gauni lake, na bibi mmoja mzee sana alikuwa amefika kutoka Mvumi, shangazi yake baba. Baba naye akaitwa nimpime kizibao. Nikamzungushia futi kifuani. Sijawahi kuwa karibu naye hivyo. Alinuka sabuni na tumbaku ambayo kanisani hawaijui.

"Usibane, fundi," akasema.

Yule bibi akainua shingo. "Hebu simameni hivyo hivyo. Mbona mnafanana? Paji hilo, masikio hayo... Mtoto wetu huyu?"

Baba akaangalia dari. "Watu wanafanana tu, shangazi."

Bibi hakuridhika. Akamgeukia mdogo wangu, aliyekuwa mbele ya kioo amevaa gauni lake. "Wewe, niambie. Huyu nani wenu?"

Nikamtazama. Mkono wake bado ulikuwa na vipele vya upupu. Sema, nikamwomba moyoni, sema mara moja tu. Akamwangalia mama yake, akarudi kwenye kioo.

"Fundi huyo, bibi. Katoka mjini." Akajishika kiuno. "Fundi, hapa naona panabana."

Mkasi ulikuwa mkononi. Nilitamani kulichana lile gauni toka shingoni mpaka kwenye pindo, na yeye akiwa ndani. Nilimchukia, na baba nilimchukia, na kuliko wote nilijichukia mimi niliyejileta. Nikapiga magoti nyuma yake, nikafumua mshono, nikauachia kidogo.

"Sasa sawa?"

"Sawa. Asante, fundi."

Mke wa baba akaniwekea mapajani kitenge kilichobaki, kikiwa kimekunjwa vizuri. Moyo ukaruka, mjinga mimi. "Hicho," akasema, "vishonee vitambaa viti vya mstari wa mbele. Vipendeze."

Nikarudi stoo, nikakaa kwenye cherehani, nikavishonea. Kiti cha mwisho kilipungukiwa kitambaa. Nikaunga vipande mpaka kikatosha.