Karanga Shavuni Mbele ya Wakwe

Nikipita Kawangware 46, wanakoishi wakwe zetu, navuta kofia hadi machoni, na si kwa sababu ya baridi. Aibu ninayo, lakini hasira imeizidi, kwa hivyo sikilizeni kwanza ndipo mcheke.

Niliacha muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, mwaka huu, baada ya kuitafuna tangu chuo (digrii niliipata shavu likiwa limefura, msiniulize). Mshauri wa kikundi chetu cha walioacha, pale Olympic, Kibera, alisema kumbukumbu itarudi polepole. Nikamuuliza polepole ni lini, akamwita anayefuata. Basi dada yangu Ayuma akapata mchumba, na kwa kuwa baba alishafariki, mama akasema mimi ndiye nitakayetambulisha ukoo wakwe wakija kwetu Kibera: shangazi, wajomba, wote kwa kufuata umri, na ole wako umruke mtu. Nilikariri wiki nzima, majina hayashiki. Nikawaza, zamani si nilikuwa nasoma nikitafuna? Kwa nini nisiidanganye akili? Siku yenyewe, kabla sijasimama, nikatia shavuni karanga na chingamu ya minti, ya kijani, vile vitu vya kutafunia muguka, ila bila muguka.

Na jamani, majina yakatiririka! Mpaka karanga iliponipalia, nikakohoa, na donge la kijani likaruka moja kwa moja hadi mapajani mwa shangazi wa bwana harusi.

"Uwi! Muguka!"

"Ni minti, shangazi! Nusa!"

"Ninuse mate yako, wewe?"

Mama akanigeukia. "Si ulisema uliacha?"

"Niliacha, mathe."

"Keti."

Akasimamishwa mjomba Shikuku, ambaye tangu asubuhi alikuwa akinywa kutoka kwa chupa ya chai kitu ambacho hakikuwa chai. Akamtambulisha Ayuma kwa jina la marehemu nyanya yetu, akamsahau mama kabisa, na watu wakapiga makofi, "Mzee ana busara!" Nani alimnusa yeye?

Wageni walipoondoka, mama akaniita mlangoni, majirani wakitazama. "Fungua mdomo." Mimi, mtu mzima na digrii yangu, nikafungua. Akainama, akanusa.

"Minti," akasema, akaingia ndani. Pole hakuna.

Wakwe wakirudi, msemaji ni mjomba, imeshapitishwa. Mimi nimeapa sitatafuna kitu mbele yao, hata nyama ya harusi ya dada yangu, mpaka atokee mmoja wa kuniuliza kabla ya kunihukumu.