Idadi ya Watoto wa Baba

Baba alifariki Jumanne. Kufikia Ijumaa asubuhi familia ilikuwa imekubaliana juu ya kila jambo la mazishi, isipokuwa moja: marehemu alikuwa na watoto wangapi.

Kwetu Likasi, misa ya mazishi ikikaribia mwisho, mtu mmoja wa familia husimama kando ya jeneza na kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa wapi, alisoma kwa mapadri gani, alifanya kazi wapi, aliugua nini. Watu hukohoa, hujipepea, hutafuta rozari mikobani. Wanangoja sentensi moja tu, ile ya mwisho: ameacha mjane, watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Idadi ikitajwa watoto husimama, na kanisa zima huhesabu vichwa.

Kazi hiyo nilipewa mimi. Ni mzaliwa wa kwanza, halafu mtaa mzima unajua ugonjwa wangu: ninasoma wasifu za familia ya kifalme ya Uingereza, hawa wa siku hizi. Ninazo tisa, zote kwa Kifaransa, nimeziokota moja moja sokoni kwenye turubai la vitabu vilivyotumika, katikati ya katekisimu na miongozo ya kutengeneza friji. Nilitetea tasnifu juu ya machifu wa zamani wa Katanga, lakini ukiniamsha ghafla nitakutajia nani hutembea nyuma ya nani kule London kabla sijakumbuka chifu hata mmoja. Wenzangu chuoni wanadhani ni utafiti. Sijawasahihisha.

Baba alikuwa msikilizaji wangu pekee. Mwaka wake wa mwisho miguu ilikataa, na kila alasiri nilikaa kando ya kiti chake, macho yangu yakisoma Kifaransa na mdomo ukitoa Kiswahili. Alikuwa fundi wa mitambo, kwanza kiwandani hapa mjini, kisha miaka kadhaa kwenye bwawa la Mwadingusha, akirudi nyumbani mwisho wa juma tu. Hakuvumilia kazi iliyofungwa vibaya, hata ya kalamu.

"Huyu mwandikaji hakuingia mu nyumba," aliniambia siku moja. "Aliangalia mu dirisha tu."

Alichokipenda ni ule mti wa ukoo unaochapwa kurasa za mwanzo. Alipitisha kidole chake kinene juu ya mistari, kutoka malkia hadi vitukuu, kama anayekagua mabomba. Mara moja kidole kilitoka kwenye mistari kikasimama pembeni, penye karatasi nyeupe.

"Na bale benye kubakia inje?"

"Inje ya nini, Papa?"

"Inje ya hii mistari."

Nilimpa mhadhara wa robo saa juu ya sheria za kurithi kiti cha enzi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaomba chai.

Binti ambaye Baba alimpata kule Mwadingusha alifika Jumatano, akitokea Mulungwishi anakofundisha shule. Kwetu kila mtu alijua kwamba yupo, na hakuna aliyewahi kulisema mezani. Hakuja kukaa kwenye mkeka wa watoto. Alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kuosha sahani pamoja na wanawake wa jirani. Mtu akiuliza yule ni nani, shangazi, dada yake Baba, alijibu: "Ni muntu wa famille," kwa sauti ya kufunga mlango.

Ijumaa, saa moja kabla ya kwenda kanisani, shangazi alinikuta nimeinamia kurasa zangu tatu.

"Soma mwisho."

Nikasoma. Nilikuwa nimejaribu ujanja wa waandishi wangu, ambao wakifika mahali pabaya hutandaza ukungu. "Ameacha mjane, watoto wengi, na wajukuu..."

"Bengi? Bengi njo ngapi? Ni mbuzi?"

"Tantine, niko natafuta neno..."

"Neno iko. Saba. Mama yenu alizala saba. Ukisema munane, minye natoka mu kanisa na sirudi tena mu hii lupango, mu hii nyumba yenu. Unataka kumuvula mama yako nguo mbele ya parokia yote?"

Nikafuta "wengi". Pakabaki pengo jeupe lenye upana wa kidole.

Mtu pekee aliyeweza kuniokoa ni Mama, na Mama hakuruhusiwa kusema. Mjane hukaa kwenye godoro sebuleni, kichwa kimefunikwa, asinene mpaka mumewe azikwe. Nilipiga magoti nikamnong'oneza maneno mawili tu: saba, munane. Nilingoja hata apepese macho. Alivuta kitambaa kikamfunika uso wote. Nina shahada tatu, na sikuweza kusoma kitambaa kimoja.

Nilipotoka nje nilimkuta mwalimu wa Mulungwishi bombani, akijisuuza sabuni mikononi.

"Yaya," akaniita, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. "Siko nakuomba kitu. Nataka tu kujua. Mu kanisa, wakati mutasimama, minye nisimame ao niikale?"

Alifunga bomba.

"Juu nikisimama na haukunihesabu, ni haya. Nikiikala na ulinihesabu, njo haya zaidi."

"Tutaona," nikasema. Tutaona! Kama waziri.

Katika vitabu vyangu kuna watu wazima wenye majumba na farasi wanaonuniana miaka mingi kwa sababu ya safu ya viti kanisani, huyu kawekwa ya tatu badala ya pili. Nilikuwa nikiwacheka. Asubuhi ile niliingia kanisani nikaona safu zetu: Mama mbele na kitambaa chake, shangazi pembeni yake, wadogo zangu sita nyuma yao, na yeye benchi tatu nyuma zaidi, katikati ya walimu wenzake, mkoba magotini.

Nilisoma. Kuzaliwa, shule, kiwanda. Nilipofika Mwadingusha niligundua kwamba miaka ile, ambayo Baba aliisimulia kuliko yote, nilikuwa nimeipa mstari mmoja. Mimi pia niliangalia kupitia dirishani tu. Kikohozi kilikoma. Pepeo ya shangazi, karatasi ya nyimbo iliyokunjwa, ilisimama hewani.

Ningependa kuandika kwamba nilichagua. Ukweli ni kwamba nilifika kwenye lile pengo, macho yakatua kwenye weupe, na nikakiona kidole cha Baba pale pale kilipokuwa.

"Ameacha mjane," nikasema, "na watoto munane."

Wadogo zangu sita walisimama. Mimi nilikuwa wima tayari. Kanisa likahesabu: saba. Vichwa vikageuka kutafuta wa nane.

Hakusimama. Aliutazama mkoba wake. Nilikuwa sijamjibu, na yeye, kama mwalimu mwema, hakukisia jibu ambalo hakupewa. Nilisikia viatu vya shangazi vikitoka kwa mlango wa pembeni, kimoja kimoja, bila haraka. Hajakanyaga kwetu tangu siku hiyo. Mama hakugeuka.

"Dada yangu wa Mulungwishi," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa komunyo ya kwanza, "simama."

Akasimama.

Makaburini watoto hutupa udongo kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nilitupa mimi, akatupa mdogo wangu anayenifuata. Aliyefuata, kwa hesabu tuliyokua nayo, ni kaka yetu fundi umeme, mwenye hasira za karibu, ambaye tangu Jumatano hakuwa amemsalimia yule mwalimu hata kwa kichwa. Alishika udongo wake, akapiga hatua mbele, akasita. Akatazama miti iliyo ng'ambo ya makaburi. Shingo ilikuwa imemvimba, nami nikajiandaa kwa kelele.

Akarudi nyuma hatua moja, na kati yake na sisi wawili pakafunguka nafasi ya mtu mmoja.

"Harakisha basi," alimwambia mwalimu bila kumwangalia. "Jua iko kali."