Gata za Lucky Summer

Asubuhi hiyo nilifunga begi, nikarudisha ufunguo wa chumba nilimokuwa nikilala Makongeni, nikaondoka bila kujua naenda wapi. Hakuna aliyenifukuza. Ni vile tu mtaa ukishanizoea, miguu huanza kuniwasha. Nimekuwa hivyo tangu nilipoacha shule darasa la saba.

Soko la Burma nilipoteza muda nikitazama mwuza nyama akipasua mbavu kwa msumeno. Kisha nikafuata barabara yoyote iliyonipendeza, na mchana ukanikuta Lucky Summer, mahali nilipokuwa sijawahi kukanyaga. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Kwenye ua mmoja, lango likiwa wazi, mama mmoja wa makamo alikuwa amesimama juu ya meza, nyundo mkononi, akibandua gata, ile mifereji ya bati ya kukinga maji ya paa. Zile za zamani zilikuwa zimeoza kwa kutu hadi unaona mbingu kupitia kwazo. Mpya zilikuwa zimelazwa chini, ziking'aa. Nilimsalimia, nikamwomba nimshikilie meza. Aliniuliza kama mimi ni fundi.

"Hapana, mama. Mimi ni mpita njia."

"Afadhali. Mafundi wamekunywa chai yangu ya kutosha."

Tukifanya kazi alinieleza shida yake. Mwisho wa nyumba kulikuwa na chumba cha mabati alichokijenga ili akipangishe. Kila mvua iliponyesha, maji ya paa yalimwagika mlangoni pa chumba hicho, na wapangaji wakahama mmoja baada ya mwingine. Huku nyuma, tangi lake kwenye kona ile nyingine ya nyumba lilikaa tupu, na mfereji wa mtaa hutoa maji unapojisikia. Nikamwambia kwamba hata mimi natafuta pa kulala. Alinitazama, akatazama mawingu.

"Maji yakiingia kwenye tangi, chumba ni chako. Yakienda mlangoni, utayafuata."

Nilipanda juu ya meza kwa ari mpya. Kwenye ubao wa ukingo wa paa matundu ya misumari ya zamani yalikuwa bado yapo, yamejipanga vizuri, na sote wawili tulifurahi kupunguziwa kazi. Tukapigilia vishikizo pale pale, tukalaza gata, tukaunga. Jirani, kijana aliyetoka zamu ya usiku kiwandani na ambaye nyundo yetu ilimnyima usingizi, alitoka akaketi kizingitini kutukagua.

"Mathe, huyu fundi umemwokota wapi?"

"Amejileta mwenyewe," mama akajibu.

Nikamimina jagi la maji katikati ya gata. Maji yalisita kidogo, yakageuka, yakakimbia moja kwa moja hadi mlango wa chumba changu. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Mama naye alikaa juu ya ndoo, akacheka, halafu ghafla akajipiga paja, akakumbuka. Zamani, kabla ya kujenga chumba, tangi lilikuwa pale pale chumba kilipo sasa. Alilihamisha tangi, akasahau kwamba mteremko wa gata haukuhama nalo. Na sisi tulikuwa tumefuata matundu yale yale kwa uaminifu.

Ngurumo ikasikika upande wa mtaa wa Baba Dogo. Nilikumbuka nilichowahi kuona mafundi wakifanya kwenye mjengo, nikaomba chupa ya plastiki. Niliijaza maji, nikaacha nafasi ndogo ya hewa, nikaifunga na kuilaza ndani ya gata. Kiputo cha hewa hukimbilia upande ulioinuka. Tuling'oa vishikizo, tukainua upande wa chumba upana wa vidole viwili, huku jirani, ambaye sasa alikuwa amekubali kwamba hatalala, akishikilia ncha ya pili na kututukana kwa upole.

Mvua ilitukuta tukipigilia msumari wa mwisho. Mama alisukuma pembeni bomba linaloshuka kutoka kwenye gata ili maji ya kwanza yaoshe vumbi la paa na kumwagika, kisha akalirudisha mdomoni mwa tangi. Tulisimama chini ya ukingo, tumelowa, tukisikiliza. Mwanzo yalikuwa matone. Kisha tangi likaanza kunguruma kama ngoma.

Mama hakutazama tangi. Alienda kwenye mlango wa chumba, akainama, akagusa kizingiti kwa kiganja. Kilikuwa kikavu.

"Kufuli liko juu ya dirisha," akaniambia. "Leta begi lako kabla halijalowa."

Nikaliweka begi ndani, nikavua viatu.