Bomba la Chumbani kwa Mama Mkwe

Kata nzima ya Nyamwaga haikuwa na fundi bomba wa kumfikia Waitara, na sifa hiyo haikumsaidia kitu. Ukweni walimwita mtu wa vyoo. Mkewe, Eunice, alimvumilia miaka tisa, lakini Waitara akishakunywa alikuwa hana breki, na siku moja mwanamke alifunga nguo zake akarudi kwa mama yake, Teresia. Waitara aliacha pombe. Alituma wazee mara mbili, na mara mbili walirudi wameshiba ugali bila jibu.

Mwezi wa saba wa upweke huo, shemeji yake Felix alimpigia simu kutoka Mwanza. Felix alikuwa amemjengea mama nyumba ya vigae, na chumbani kwake akamwekea beseni refu la kuogea, kana kwamba bibi wa miaka sabini aliyezoea ndoo alikuwa analililia. Sasa mdomo wa bomba la beseni umepasuka, maji yanapenya ukutani, na mafundi wawili wameshindwa kuufungua.

"Kalimalize hilo, shemeji. Habari ya Eunice tutaiongea vizuri."

"Si ni chumbani kwa mama?"

"Hayo mambo ya zamani. Ingia tu, nimeruhusu."

Ni rahisi kuruhusu ukiwa Mwanza. Mkurya yeyote anajua kwamba mwanamume hakanyagi chumba anacholala mama mkwe wake. Waitara alijua, na bado alikwenda, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Alimkuta Teresia barazani akipukuchua mahindi. Alisimama mbali, akatazama pembeni, akamwamkia shikamoo. Mama aliitikia bila kugeuka. Waitara alipotamka kwamba Felix amesema aingie, mama aliendelea kupukuchua. Kunyamaza kule hakukuwa ruhusa, na Waitara hakudanganyika hata kidogo.

Eunice akatoka ndani. Alikuwa amenenepa kidogo, na hilo lilimuuma Waitara.

"Simama nje ya dirisha, unielekeze," alisema kwa sauti ya chini. "Spana nitashika mimi."

"Utalivunja."

"Si utaniambia nifanyeje?"

"Bomba la chuma lililoshika kutu halielekezwi kwa maneno. Likikatikia ukutani, tutabomoa vigae vyote."

Eunice alimtazama kidogo, akampisha.

Humo ndani Waitara alifanya kazi ambayo fundi yeyote angelipa kiingilio kuiona. Wenzake walikuwa wameshaitafuna nati mpaka pembe zimeisha. Yeye hakutumia nguvu. Alipaka mafuta ya breki, akasubiri, akagongagonga kwa nyundo ndogo kuzunguka, akapasha moto kidogo, akasubiri tena. Alikaza kwanza kiasi cha unywele mmoja, ndipo akalegeza. Nati ikalia, ikaachia. Alisafisha meno ya bomba kwa brashi ya waya, akazungusha tepu, akafunga mdomo mpya. Maji yalitoka, ukuta haukuvuja tone, hakuna kigae kilichopata ufa. Kitanda cha mama mkwe kilikuwa hatua tatu nyuma yake, na alijitahidi kutokitazama.

Alipotoka, Teresia alikuwa amejifunika kanga usoni. Hakusema na Waitara. Alimwambia binti yake amhamishie godoro la kulalia jikoni, na amwite mzee wa mila, Machage, aje aseme ni mbuzi wa rangi gani anayehitajika kusafisha chumba.

"Felix ndiye aliyeniruhusu," Waitara alisema.

"Felix halali humu," Eunice alijibu.

"Nimefanya kwa ajili yako."

"Mimi nilikuomba jambo moja, unielekeze. Miaka tisa sijawahi kujua kitu mbele yako, na leo tena." Hakulia, wala hakupandisha sauti. "Nguo zangu nilikuwa nimeshafunga tangu asubuhi, nilikuwa narudi na wewe."

Kisha akaingia ndani kulibeba godoro la mama yake.