Klachi Mpya, Mguu Uleule

Juzi nilipanda lori Sondu kuja Kisumu. Kila liliposimama na kuondoka, lilitetemeka hadi meno yakagongana. Mama aliyeketi kati yangu na dereva alikuwa amepakata vyungu vya kuuza.

"Bwana, ondoa mguu kwenye klachi! Vyungu vinavunjika!"

"Mama, mguu unapumzika tu."

Mlimani tukasikia harufu ya kuungua, lori likazimika. Mama akashuka na chungu kimoja kizima, akaenda zake kwa miguu bila kuaga.

Fundi Kalasinga aliyeitwa alikuta sahani ya klachi imesagika kabisa kwa kukanyagwa muda wote. Akasema sasa zinatengenezwa sahani zenye springi, hazitetemeki ovyo wala haziishi haraka.

Dereva akachangamka. "Nitafutie hiyo! Nipumzishe mguu kwa raha."